Mwamba Tulioushinda

Nilifundishwa vita na kapteni mmoja wa bara asiyependa kelele. Alikuwa mwembamba, anavaa miwani, na bila magwanda ungedhani ni karani wa mahakama. Siku moja, huko mashariki ya Kongo, alitukusanya chini ya turubai akatuonyesha kwenye ramani kilima tulichotakiwa kukitwaa kesho yake. Juu yake walikaa watu wenye bunduki, waliokuwa wakiwatoza wauzaji wa soko lililo chini mpaka soko likafa. Kapteni alieleza njia ya kupandia, nani atangulie, nani abaki na majeruhi. Kisha akavua miwani, akauliza swali ambalo sikulipenda siku ile na silipendi mpaka leo.

"Mkishakitwaa, nani keshokutwa atafanya nini ambacho leo hafanyi?"

Mmoja wetu alijibu kwamba adui atakimbia.

"Atakimbia. Halafu?"

Mimi nilikuwa sajenti, nina tepe tatu mkononi, na nilijiona mtu wa kupanda milima, si mtu wa kuulizwa halafu.

"Yule mama aliyekuwa anauza unga pale njia panda atarudi kuuza unga," kapteni alisema. "Asiporudi, tutakuwa tumepanda mlima kufanya mazoezi."

Tulikitwaa kabla ya saa nne asubuhi, na nitasema kweli, nilifurahi sana. Tukakaa juu. Kila kukicha nilishika darubini nikaziangalia meza za mbao za lile soko, na kila siku zilikuwa tupu. Mara moja alipita mwanamke mzima amebeba kuni, nikamuuliza mbona hawarudi sokoni na sisi tumeshawafukuza wale jamaa. Aliniangalia viatu, akaniangalia uso.

"Na ninyi mtaondoka lini?" akauliza.

Hadi leo sijui kama alitaka tuondoke au alitaka tubaki. Tulipopewa amri ya kushuka tukashuka, na niliyoyasikia baadaye ni kwamba wale wenye bunduki walipanda tena. Mimi nilijiambia kwamba watu wa pale hawajui shukrani, na kwa fikra hiyo nikastaafu nikarudi kwetu Pemba.

Kwetu ni kijiji cha pwani, kusini magharibi mwa kisiwa, si mbali na Wambaa. Mke wangu anafundisha skuli huko Tibirinzi, Chake Chake, na hurudi mwisho wa wiki. Kwa hiyo siku za kazi nilikuwa nakula kwa dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka mingi, ambaye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Dada ni mvuvi wa pweza. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yakitoka, miamba inapobaki wazi, yeye na wanawake wenzake hushuka kwa miguu, chuma chenye ncha mkononi, kanga zimefungwa kiunoni juu ya suruali. Yeye huona tundu la pweza mahali ambapo mimi naona jiwe. Nilisomeshwa kwa pweza hao, na nisingelisema hili kama lisingekuwa na maana huko mbele.

Sasa, mtu aliyevaa magwanda miaka ishirini na zaidi akirudi Pemba, haangaliwi kama watu wengine. Kisiwa hiki kimeona askari wakiteremka bandari ya Mkoani kila ukikaribia uchaguzi, na watu wana kumbukumbu. Nilipokaa barazani mazungumzo yalihama. Mtu alikuwa anasema habari ya bei ya dizeli, mara nikisema "asalaam aleikum" bei ya dizeli inageuka kuwa habari ya mvua. Waliniita "afande", kwa heshima au kwa kejeli, sikuweza kutofautisha. Nami kwa upande wangu nilimshuku kila mtu. Ndiyo kazi niliyosomea. Mtu akinicheka nilijiuliza anacheka nini, na asiponicheka nilijiuliza kwa nini amenyamaza.

Kwa hivyo sheha, kiongozi wa serikali kijijini, aliponiita na kuniambia kijiji kinataka kufunga mwamba wa karibu kwa miezi mitatu ili pweza wakue, na kwamba kamati inataka mtu wa kuongoza doria, nilikubali kabla hajamaliza. Nilitaka sana kijiji hiki kiniamini. Siku mwamba ule ukifunguliwa, wanawake wakishuka na kupanda na pweza wa kubeba begani, nani angenihamishia mazungumzo tena barazani?

Mkutano ulifanyika skuli. Wanaume tulikaa kwenye viti, kina mama nyuma kwenye mikeka. Wenye vyombo vya kuvulia walikubali haraka, maana wao wana miamba ya mbali, huko nje. Mwisho sheha akageukia nyuma akauliza, "Na kina mama mmeridhia?" Kina mama wakainamisha vichwa, kimya. Sheha akatabasamu, akamwambia katibu aandike kwamba wameridhia. Tulicheka kidogo, kwa uzuri. Kwetu mwari akiulizwa kuhusu posa akanyamaza, shehe hafungi daftari kusubiri asikie sauti yake. Kimya chake ndiyo jibu, na watu wanaletewa kahawa. Mimi pia nilicheka. Nilimwona dada yangu kule nyuma, anachomoa uzi kwenye ukingo wa mkeka, na sikuona kitu.

Doria nikaipanga kijeshi. Nilikuwa na watu watatu, boti moja ya mashine, na daftari ambalo nililiweka chini ya godoro. Bamvua la kwanza walikuja vijana wa kijiji cha jirani na chombo chao. Tuliwazunguka kutoka pande mbili, mmoja akitokea nyuma ya mikoko, na tukawanyang'anya mikuki na nyavu bila mtu kuumia hata ukucha. Nilirudi pwani nimesimama kwenye boti. Sheha alinipa mkono mbele za watu. Siku ile barazani niliachiwa nafasi, na mazungumzo ya dizeli yaliendelea mpaka mwisho nikiwa nimekaa papo hapo.

Lakini nilipokwenda kuukagua mwamba, nilikuta mawe yamepinduliwa. Pweza hula kombe za baharini na kaa akatupa maganda mlangoni mwake, na milango mingi ilikuwa imevurugwa, ndani hamna mtu. Kwenye mchanga kulikuwa na nyayo zinazoelekea kwetu. Nyembamba, fupi. Nilizipima kwa kijiti nikaandika daftarini: vijana wadogo wadogo, wepesi, wanajua ratiba yetu. Ratiba niliijua mimi na watu wangu watatu tu. Kwa hiyo mmoja alikuwa anauza siri.

Niliwapa siku tatu tofauti, kila mmoja siku yake, nikamwambia kila mmoja kwamba hiyo ndiyo siku ya doria na asimwambie mtu. Nilitegemea kuona ni siku ipi ambayo mwamba hautaguswa. Wezi walikuja siku zote tatu, wakakosa ile ya nne tu, ambayo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, na ndiyo siku tuliyokwenda. Nilikaa nalo hilo jambo mpaka kichwa kikauma. Nikaanza kumfuata mmoja wa wale watu wangu watatu, mtengeneza nyavu, mtu wa maneno machache ambaye sikumpenda tangu mwanzo kwa sababu hiyo hiyo ya maneno machache. Nilimfuata hadi Mkoani, nikajificha nyuma ya wapagazi bandarini, nikangoja nione anakutana na nani. Alikuwa anampelekea binti yake wa Unguja kifurushi cha karafuu kwa boti. Alipomaliza alikuja moja kwa moja pale nilipojificha.

"Afande, kama na weye ulikuwa waja Mkoani, si ungesema tukapanda gari moja?"

Alininunulia chai. Niliinywa, na niliendelea kumshuku njia nzima ya kurudi.

Hivyo ndivyo tulivyoenda mwezi wa kwanza na wa pili. Kila tulipotoka kwenye doria tulishinda. Ama tulikamata mtu wa nje, au hapakuwa na mtu, na katika ripoti "hapakuwa na mtu" ni ushindi pia. Stoo ya kamati ilijaa nyavu. Nikipita njiani watoto wananipigia saluti. Na mawe yaliendelea kupinduliwa.

Mwezi wa tatu, wiki mbili kabla ya kufungua, niliamka tumbo linasokota. Nilikwenda kwa dada kama kawaida, lakini nikamwambia leo sitaki muhogo, nipe uji tu. Akanipa uji. Akaniuliza kama nitalala. Nikamwambia nitalala. Nilirudi nyumbani nikajilaza, na kufika saa tatu tumbo lilikuwa limetulia, nami nikaona haya kulala na bamvua lile kubwa. Nikawapigia watu wangu simu. Tulishuka kwa kupita mikokoni, kimya, kama nilivyofundishwa.

Walikuwa wanawake saba. Wameinama wametawanyika juu ya mwamba, kila mmoja na ndoo yake. Niliwaona kwanza kwa mgongo, kanga za rangi, na kwa muda mfupi nilidhani nimekosea mahali. Kisha mmoja akainuka, chuma mkononi, pweza mdogo anajizungusha kwenye mkono wake mpaka kiwikoni, na akageuka. Alikuwa dada yangu.

Hakukimbia. Hakuna aliyekimbia. Dada alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umehamishwa.

"Leo si ulikunywa uji?" akasema.

Watu wangu watatu waliangalia majini. Ilinichukua muda, nikiwa nimesimama pale na maji kwenye viatu, kuelewa aliloniambia. Siku za doria nilikuwa namwomba muhogo wa nazi, kwa sababu nitakaa kwenye boti mpaka adhuhuri na muhogo unashikilia tumbo. Siku nyingine nakunywa uji. Miezi mitatu nilikuwa natafuta msaliti, nimelaza daftari chini ya godoro, nimemfuata mtu hadi Mkoani, na kila asubuhi nilikuwa naitangaza doria kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi jikoni kwa dada.

Mtengeneza nyavu alikohoa. Angalau yeye alikuwa na haki ya kucheka na hakucheka.

Nikafanya nilichofanya. Nilijiambia kwamba nikimwachia dada yangu, kesho kijiji kizima kitasema afande ana sheria ya watu wa nje na sheria ya nyumbani kwake. Hilo lilikuwa kweli. Kweli pia ni kwamba niliona aibu, na mtu mwenye aibu na madaraka ni mtu mbaya. Nilinyoosha mkono. Dada alimbandua pweza polepole, mkono baada ya mkono, akamrudisha kwenye maji, akanipa chuma. Wale sita wakatoa vyao. Nilivifunga kwa kamba.

"Bi mkubwa," nilimwambia, maana nilishindwa kumwita dada mbele yao, "si mliridhia mkutanoni?"

"Nilinyamaza," alisema. "Mie mwari?"

Kisha wakapanda pwani mmoja mmoja, bila kelele, kila mmoja na ndoo tupu. Sheha alinisifu tena, lakini safari hii alinipa mkono haraka akauondoa. Vyuma saba nilivibandika karatasi yenye tarehe, nikaviweka nyumbani kwangu, kwa sababu stoo imejaa. Asubuhi iliyofuata sikwenda kula kwa dada. Nilichemsha mayai, nikayachemsha vibaya.

Zile wiki mbili za mwisho mwamba haukuguswa na mtu. Nilikwenda kuukagua kila siku na sikukuta jiwe hata moja limepinduliwa. Ilikuwa doria safi kuliko zote nilizowahi kuongoza hapa au popote, na ilinitia wasiwasi ambao sikuweza kuuandika kwenye daftari. Wanawake nilipokutana nao njiani walinijibu salamu kamili, habari za nyumbani, za kazi, za mke, zote, na hawakupunguza hata moja. Nilitamani wanitukane.

Siku ya kufungua ikafika. Kamati ilikuwa imefunga turubai pwani, viti, spika. Wanunuzi walitoka Mkoani na masanduku ya barafu. Alikuwepo mgeni kutoka wilayani, amevaa viatu visivyofaa kwa mchanga. Shehe akasoma dua. Maji yakatoka, yakatoka sana, mwamba ukabaki wazi mpaka kule mwisho, unameta, na hata mimi ambaye huona mawe tu niliona safari hii mikono ikivutwa ndani ya matundu. Pweza walikuwepo. Walikuwa wakubwa.

Hakushuka mtu.

Mgeni alitazama saa. Spika ilikuwa inapiga kasida. Wenye vyombo walisimama na mikono nyuma, maana wao wanajua mishipi na nyavu. Kutembea juu ya mwamba na kumtambua pweza kwenye tundu lake ni kazi ya wake zao, na hawajawahi kuuliza inafanywaje. Vijana wawili walijaribu. Mmoja alichoma sponji ya baharini akidhani ni pweza.

"Afande," sheha aliniuliza kwa sauti ya chini, "wako wapi kina mama?"

Niliangalia kule kijijini. Walikuwa wamekaa kwenye baraza zao, wazi kabisa, wanachambua mchele. Hapo nikaziona tena zile meza za mbao nilizokuwa nazitazama kwa darubini, na nikamsikia yule mtu mwembamba mwenye miwani akiuliza, nani keshokutwa atafanya nini ambacho leo hafanyi. Tulikuwa tumeufunga mwamba ili wanawake hawa wavue pweza wakubwa. Hakukuwa na sababu nyingine. Nami nilikuwa nimewashinda wote mpaka hakubaki wa kuvua. Nilimwonea hasira kapteni, ambaye hakuwa amekosa chochote.

Nilikwenda nyumbani nikachukua vile vyuma. Nilitoa karatasi zenye tarehe, nikavibeba hadi kwa dada. Alikuwa jikoni. Sikumpa salamu ya kiaskari wala ya mkutano.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nikaviweka chini. Alichagua chake, akapima ncha kwa kidole gumba, akakisimamisha pembeni pale kilipokuwa kikikaa siku zote.

"Mwamba si mmeushinda?" alisema. "Kavueni."

"Hatujui, dada."

"Najua kama hamjui." Alipuliza moto. "Mwamba wa nje mnao na vyombo. Wa karibu ndio wetu, hatuna mwengine. Mmefunga wetu, mmeacha wenu. Miezi mitatu watu wale nini? Aliyekuja kutuuliza hilo nani? Weye ulikuja kila siku hapa kula. Hukuuliza."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa natafuta msaliti. Nikauliza nifanye nini.

"Mwambie sheha aje. Aje mwenyewe, akae mkekani, na aulize mpaka asikie sauti. Leo hatushuki."

Nilikwenda nikamwambia. Mgeni wa wilayani alikuwa ameshaondoka na wanunuzi walikuwa wanafunga masanduku. Sheha alinung'unika, akasema atadharauliwa, lakini alikuja kesho yake, akavua viatu, akakaa mkekani, na alikaa muda mrefu kuliko alivyotaka. Mwamba uligawanywa, nusu wazi nusu umefungwa, na wenye vyombo wakafunga kipande cha mwamba wao wa nje, kwa kununa. Keshokutwa yake wanawake walishuka. Bamvua lilikuwa linaisha na walipata nusu ya ambacho wangepata siku ya turubai.

Doria ipo mpaka leo, nami bado naiongoza. Wanaokamatwa ni wachache, kwa sababu wanawake wenyewe hupiga simu wakiona chombo kigeni. Barazani nakaa. Mazungumzo ya dizeli hayahami tena, au labda yanahama kabla sijafika.

Kwa dada nilirudi kula baada ya mwezi. Hakuna aliyeomba radhi, si yeye wala mimi. Ila siku hizi hapiki kimoja. Kila asubuhi huweka mbele yangu bakuli la uji na sahani ya muhogo wa nazi, kisha anakaa upande wa pili wa moto, anaangalia nitanyoosha mkono wapi. Nami, nitake nisitake, hula vyote viwili.